Kitufe cha F

Siku ile Kibaigwa nzima ilikuwa mtandaoni
na mtandao umelala chini kama ng'ombe aliyekataa jembe.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka,
kwenye simu ya baba mdogo Chilongani,
ufa wa kioo umepita katikati ya jina la shule yetu.

Mimi nilikuwa chini ya ufa.
Daraja la nne, pointi ishirini na tisa.
Kiswahili B. D tatu.
Hisabati F. Fizikia F. Kemia nayo.
Mama akauliza, "Hiyo F ndiyo kufaulu?"
Nikasema, "Zinaanza herufi moja."
Akarudi kupepeta uwele wake,
akapepeta hata uliokwisha kupepetwa.

Kazi nikapata stesheneri kwa Mwaluko,
mkabala na soko la mahindi,
malori yakirudi nyuma pii, pii, pii,
pumba ikitua juu ya kila karatasi.
Wiki ya kwanza nilichapa fomu za kujiunga
za wenzangu waliochaguliwa kidato cha tano:
ndoo moja, jembe lenye mpini,
godoro la futi mbili na nusu.
Shilingi mia mbili ukurasa.
Nilizihesabu kurasa zao, sikukosea hata moja.

Kompyuta ilikuwa hiyo hiyo moja,
kibodi yake haina kitufe cha F.
Kimebaki kichuchu cha mpira
kinachotaka ncha ya kalamu.
"Utazoea," akasema Mwaluko.
Nikamwambia F ninazo, nimekuja nazo kutoka nyumbani.

Ndipo Mama Sechelela, dalali,
akaleta daftari lake lenye harufu ya dawa ya wadudu:
magunia, kilo, bei, ushuru.
Siku mbili najumlisha kwa kikokotoo,
kila jumla ina sura yake.
Kijana wa kurekebisha printa akanionea huruma:
"Andika alama ya sawasawa,
halafu iambie unachotaka."

Nilikaa kimya.
Shuleni alama ile ilikuwa ikiniuliza mimi.
Hapa mimi ndiye niliyeuliza,
nayo ikajibu bila fimbo:
magunia kumi na moja hayaonekani.
Karani akasema mashine imekosea.
Mama Sechelela akamtazama karani.
Mashine hakuitazama.

Sasa nasoma cheti, Dodoma mjini,
ada kwa awamu, ya pili bado nadaiwa.
Walitaka ufaulu wa masomo manne.
Ninao mnne kamili, sina wa akiba.
Ijumaa jioni narudi dukani.
Hisabati nitairudia, mtahiniwa wa kujitegemea,
na huenda ikaniangusha tena, sijui.

Juzi programu yangu ilikataa.
Kosa, ikasema, mstari wa kumi na saba.
Hadi saa saba usiku natafuta,
nje upepo unavuta mabati,
kumbe ni mabano, sikuyafunga.
Nikacheka peke yangu.
Kosa la huku lina anwani.
Zile F zangu hakuna aliyeniambia
ni mstari wa ngapi.

Leo matokeo yametoka tena.
Kijana wa Pandambili yuko mbele yangu,
shati kalifunga hadi kifungo cha shingoni
kana kwamba matokeo yatamkagua.
Ananitajia namba yake taratibu, mara mbili.
Kiduara kinazunguka.
Nimeona kabla yake.

Nakivuta kigoda, mguu mmoja mfupi,
nakitilia karatasi iliyokunjwa.
Kaa, namwambia.
Kioo nitakigeuza sasa hivi.
Kwanza shika hii kalamu,
nikuonyeshe F
inavyobonyezwa.